Siku Mbili za Adabu

Mlezi aliwaamsha kwa sauti laini kama ya mwalimu wa chekechea. Alikwisha kupima pumzi zao, akapunguza baridi, akaondoa vitunguu kwenye chakula cha Temu kwa sababu ya kiungulia. Mlezi hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyotandazwa ndani ya chombo cha anga kizima, ikisikia kila neno na kupima kila pigo la moyo, ili watu waliofungiwa pamoja njia nzima ya Mwezini wasije wakatoana roho.

"Habari za asubuhi, Meja Nanzia. Habari za asubuhi, Mhandisi Temu. Mmelala vizuri?"

"Mimi nimelala," alisema Nanzia. "Huyu Mchaga amekoroma mpaka nikadhani injini imekufa."

"Afadhali mimi nakoroma," alijibu Temu. "Wewe Mpare hata pumzi unaibania, unaogopa itaisha."

Wakacheka. Nanzia Mbwambo alikuwa mtu wa Usangi, Temu wa Machame, na milima yao inatazamana. Tangu enzi za mababu Wapare na Wachaga ni watani. Wanatukanana msibani, wanatukanana harusini, na hakuna anayenuna, maana anayekutania ndiye anayekujua.

Nanzia hakufika pale kwa kubebwa. Aliingia jeshini binti mwembamba, akajifunza kurusha ndege za kivita, na mwaka wa mafuriko makubwa akatua kwenye kipande cha barabara kilichobaki kati ya maji mawili, akatoa watu hai. Shirika la Anga lilipotafuta rubani wa kushusha mzigo kwenye kituo cha Mwezini, lilimtaka yeye. Mlezi aliweza kuongoza chombo njia nzima, lakini pale kituoni vumbi lilikuwa likimpofusha, na kutua katikati ya mawe kulihitaji macho na mkono wa mtu. Chombo chenyewe kiliitwa Shengena, jina la mlima wa Upareni, jambo ambalo Temu hakulisamehe.

"Kilima hata theluji hakina!" alilalamika asubuhi ile, akibanwa na mkanda wa kiti. "Wameshindwaje kukiita Kibo, kilele cha kwetu?"

"Kingeitwa Kibo, ikifika Desemba kingegeuza chenyewe kurudi Moshi, kama Wachaga wote. Nyamaza, la sivyo nakuzika hukohuko Mwezini, nakupandia na mgomba juu."

Taa zikawa nyekundu.

"Nimesikia tishio la kuua," alisema Mlezi kwa upole uleule. "Meja, usukani umefungwa kwa usalama wa wote. Nitaurudisha mkiwa na utulivu wa siku mbili mfululizo. Msipotulia, Shengena itarudi duniani bila kutua."

Nanzia akauvuta usukani, haukusogea. Rubani anayerudishwa kama abiria haruhusiwi kurusha tena, na kule kituoni kulikuwa na watu waliokuwa wakisubiri dawa na vipuri.

"Mlezi, huo ni utani tu," alisema. "Huyu ni mtani wangu."

"Mtani ni mtu unayetishia kumuua?"

"Ndiyo. Hapana! Sasa hebu ngoja…"

Mlezi alitengenezwa na watu wa mbali, na utani hawakumfundisha. Aliwaamuru waombane radhi. Nanzia akaanza, "Ndugu Mhandisi, nasikitika kwa kutaka kukupandia mgomba," na Temu akapasuka kicheko hadi machozi yakaelea mbele ya uso wake kama shanga. Mlezi akapima mapigo ya moyo, akaona yamepanda, akahesabu kuwa ni hasira. Siku zikaanza upya.

Basi wakaona isiwe tabu, waishi kwa adabu.

"Umeshiba, Mhandisi?"

"Nimeshiba vizuri, Meja, asante. Na wewe?"

"Vizuri pia, asante."

Ilikuwa kama kuishi na mgeni chumbani. Zamani Temu akichelewa kujibu, Nanzia angemvamia kwa maneno hadi aseme kinachomsumbua. Sasa alimwona akifikicha jicho mara kwa mara, akamwuliza kama yu mzima. Temu akajibu, "Mzima, Meja, asante." Ungeulizaje zaidi ya hapo? Mlezi akatangaza kwamba maelewano yamefikia kilele, akawapongeza, akarudisha usukani.

Mwezi ukajaa dirishani. Nanzia akaushika usukani, mwili mzima ukaamka kama siku ya mafuriko. Kazi ya Temu ilikuwa kumsomea urefu kutoka kwenye kipimo.

"Mita mia nane, Meja."

Nanzia akatazama kivuli cha chombo chao kule chini. Kilikuwa kikubwa mno kwa urefu huo.

"Una uhakika, Mhandisi?"

"Nina uhakika, Meja. Asante."

Ile asante ndiyo iliyomtia hofu.

"We Mchaga!" alifoka. "Macho umeyaweka rehani Moshi? Soma vizuri, mbwa wewe!"

"Mpare, sisomi kitu!" Temu alipiga ukelele. "Jicho la kulia limekufa tangu juzi, na la kushoto linaona ukungu!"

"Onyo la kwanza," alisema Mlezi. "Lugha ya uhasama."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Uliniita Mhandisi!"

"Onyo la pili."

Nanzia akaacha vipimo, akatazama nje kama alivyotazama ile barabara kati ya maji. Akakwepa jiwe, akakwepa la pili, akazima injini vumbi likiwa limefunika kila kitu. Miguu ya chombo ikagonga, ikayumba, ikatulia.

"Onyo la tatu," alisema Mlezi. "Usukani umefungwa."

"Ufunge tu, baba," alisema Nanzia. "Tumeshafika."

Daktari wa kituo alisema ni shinikizo nyuma ya jicho, linawapata watu wa anga. Matone ya kulitibu yalikuwemo ndani ya Shengena. Lingetibiwa siku ile ya kwanza, lingepona. La kushoto liliokolewa. La kulia, basi.

Jioni hiyo Nanzia alimpigia mama yake aliyekuwa akimlelea watoto kule Usangi. Bi Namkunda alikuwa na furaha tele.

"Mwanangu, hata usihangaike! Shirika limetuletea Mlezi wa nyumbani. Mbazi na dada yake hawagombani tena. Ni ndiyo bibi, asante bibi, kutwa nzima. Majirani wote wanamtaka!"

Nanzia aliketi.

"Mama, hebu mchokoze Mbazi. Sasa hivi, nisikie."

"Huyu mume wangu?" Bibi akacheka, akapaza sauti. "We Mbazi! Bwana gani wewe usiye na meno ya mbele? Njoo unioe leo, kesho nikuache!"

Kabla ya safari hii Mbazi angemjibu kwamba haoi vikongwe. Sasa sauti ndogo ikasema kwa adabu:

"Bibi, Mlezi anasema nisijibu."

Nanzia akasikia kicheko cha mama yake kikikatika. Halafu akasikia kandambili za bibi, pwa, pwa, pwa, zikivuka sebule kuelekea ukutani kwenye swichi ya Mlezi.