Siku Abdilatif Alipomwita Mkewe Dada

"Kumbuka, leo wewe si Timiro. Wewe ni Ramlo, mwalimu wa Ijara. Ukiulizwa kitu hujui, nyamaza, mimi nitajibu."

Ni mkwe wangu Abdilatif aliyesema hivyo, tukiwa mlangoni pa kliniki ya mazoezi ya viungo hapa Garissa. Timiro ni binti yangu, na ni mke wake. Pikipiki ilimwangusha, goti likavunjika. Plasta ilipotolewa mguu ulibaki umenyooka kama mchi. Daktari akaonya kwamba goti lisipokunjwa mapema litakauka hivyo hivyo.

Nikamwuliza, "Na bima ya kazini kwako?"

"Hooyo," akaniita mama kwa Kisomali chetu, "hiyo haijamwingiza Timiro. Ramlo ni dada yangu, kadi yake inafanya kazi. Tuitumie tu."

"Mmeoana mwaka mzima, bado haijamwingiza?"

"Mambo ya ofisi, hooyo."

Timiro alikuwa kwenye magongo, jasho linamtoka. Akasema polepole, "Mama, twende. Mguu unauma."

Msichana wa mapokezi akaangalia kadi.

"Karibu, mwalimu Ramlo. Ndiyo mara yako ya kwanza kuja hapa?"

"Ndiyo."

"Na huyu ni nani wako?"

Nilidhani Abdilatif atababaika. Hakubabaika. Abdilatif alijibu kwa sauti, watu wote kwenye benchi wakasikia:

"Mimi ni kaka yake. Huyu ni dada yangu."

Wenzangu, kwetu mwanamume hamwiti mke wake dada hata kwa mzaha. Nilimwona Timiro akishika gongo kwa nguvu mpaka vidole vikabadilika rangi.

Tukaingia ndani. Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Daud, kijana mpole. Akalishika goti, akalisukuma kidogo, Timiro akauma mtandio wake.

Daud akasema, "Zoezi hili lifanywe nyumbani asubuhi na jioni. Mtu anashika paja hapa juu, mwingine anavuta kisigino. Mume wako yupo?"

Timiro akamtazama Abdilatif.

"Mwalimu, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Basi aje nimfundishe yeye. Kaka, samahani, nataka kufunua mguu. Subiri nje kidogo, tubaki na mama."

Na Abdilatif akatoka. Wallahi alitoka, na mlango akaufunga kwa adabu.

Timiro akautazama ule mlango. Kisha akaita, "Abdilatif. Rudi hapa."

Akarudi, akasimama kizingitini.

"Mwambie mimi ni nani."

"Timiro, tutaongea nyumbani."

"Umeniita nani sasa hivi?"

Daud akamwangalia huyu, akamwangalia yule. Timiro akamgeukia.

"Daktari, mimi si Ramlo. Jina langu ni Timiro. Na huyo uliyemtoa nje ndiye mume wangu."

Daud akaliachia goti. "Dada yangu, pole. Lakini kwa kadi ya mtu mwingine siwezi kukutibu. Mimi na wewe tutafungwa. Kwa nini hayuko kwenye bima yako, bwana?"

"Wanataka cheti cha ndoa."

"Si uende kwa kadhi?"

Abdilatif akatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikah ilifungwa na sheikh nyumbani kwangu Waberi, wazee wakakaa, tukala halwa. Cheti alisema atakifuata mwenyewe. Kila nikiuliza, kadhi amesafiri.

Tulipotoka, kwenye baraza ya kliniki nikamwambia Abdilatif, "Sema ukweli, mwanangu."

"Mama yangu kule Wajir hajui kama nimeoa. Alishaniposea Fosia, binti wa mjomba. Nilikuwa natafuta njia ya kumwambia."

Timiro akauliza, "Na bima yako inaandika wake wangapi?"

"Mmoja."

"Kwa hiyo nafasi yangu unamwekea Fosia."

Timiro akaita tuktuk mwenyewe, akaja kwangu.

Jioni simu yake ikalia. Ujumbe: "Rudi nyumbani mke wangu. Nimekosea."

Akajibu: "Dada haishi kwa kaka yake. Akikua anaondoka."

Nikacheka, kisha nikalia. Tulijaribu lile zoezi mimi na yeye. Mimi nilishika paja, lakini wa kuvuta kisigino hakuwepo. Nikivuta mwenyewe analia, nikimwonea huruma goti linabaki pale pale.

Habari zilimfika hata Ramlo, akapiga simu kutoka Ijara. "Abaayo, dada yangu, wallahi aliniambia anaazima kadi kumtibia mama. Mimi nimempigia mama, nimemwambia yote."

Siku chache baadaye gari la Wajir likamleta Raho, mama yake Abdilatif, mpaka kwangu. Raho ni mwanamke mrefu, haongei sana. Abdilatif alimfuata nyuma kama mbuzi wa kuuzwa. Raho akaketi mbele ya Timiro.

"Mimi nimezaa binti mmoja tu, Ramlo. Wewe ni nani?"

"Mwulize mwanao, eeddo," akasema, akimwita shangazi kwa heshima.

Raho akageuka. "Huyu ni nani?"

"Ni mke wangu, hooyo."

"Sikusikia. Kliniki walikusikia mpaka kwenye benchi."

"Ni mke wangu."

"Nimekaa kwa kaka yangu, nimekunywa chai yake, nimemwomba binti yake kwa ajili ya mtu mwenye mke anayefichwa. Ulifikiri nitakukataza Timiro? Nitakukataza uongo. Kwa mjomba wako utakwenda mwenyewe kuivunja posa. Leo, twende kwa kadhi."

Tukaenda. Kadhi alipomwuliza Timiro kama anakubali kuandikishwa, aliegemeza magongo yake ukutani kwanza.

"Nakubali cheti," akasema. "Mengine nitaangalia."

Kazini walimwingiza, lakini bima nayo ina muda wake wa kungojwa. Goti halikungoja. Kadi ilipofika tukarudi kliniki ile ile, na msichana wa mapokezi alikuwa yule yule.

"Karibu. Jina?"

"Timiro."

Msichana akamtazama vizuri, akakumbuka, akainamisha macho. "Ni... ni mara yako ya kwanza kuja hapa?"

"Kwa jina langu, ndiyo."

Daud alilishika goti muda mrefu. "Mmechelewa," akasema. "Litakunjika kidogo. Lote, siahidi. Nani wa kufundishwa?"

Abdilatif akasogea. "Mimi. Mume wake."

Sasa anashika paja, mimi navuta kisigino, asubuhi na jioni. Timiro amerudi kwa mumewe, nami nawafuata huko, lakini anaswali kwenye kiti, kwa kuwa sijida ya chini haiwezi. Kiti anakiweka Abdilatif kila adhana ikilia.

Nilimwuliza juzi, "Umemsamehe?"

"Mama, mwache aweke kiti kwanza."

Kina mama wenzangu, halwa ikiisha kuliwa msitawanyike. Mshikeni bwana harusi mkono mpaka kwa kadhi, binti yenu angali anatembea kwa miguu miwili.