Simu ya Duka la Usagara

Siku Mastura alipokutana na Miraji, duka la vipuri la Mzee Shamsuddin, tawi la Usagara, lilifurika wateja na kompyuta ilikuwa imegoma. Ilikuwa miaka ya soko huria, bidhaa zikimiminika na bei zikibadilika kila kukicha. Miraji, fundi wa kompyuta wa duka kuu la mjini, aliingia na shati jeupe lililonyooka pasi, disketi mkononi.

"Umechelewa, fundi," alisema Mastura, karani wa duka, akiuweka sawa mtandio wake wa zambarau.

"Ningejua uko hapa, ningewahi tangu jana."

Tangu hapo, kila programu ilipobadilishwa Miraji alikuja na disketi kuipakia upya, na jioni alipiga simu ya duka. "Mpenzi, umekula?" Mapenzi yakanoga.

Kisha Miraji akafunga mtambo mpya. Programu ikakaa mjini, kwenye mashine moja. Usagara waliitumia kwenye skrini zao kupitia waya wa simu. Ikirekebishwa kule, huku imesharekebishika. Foleni zikaisha. Mzee Shamsuddin alimshukuru Mungu, akamshukuru na fundi.

Mastura hakuwa na la kushukuru. Miraji hakuja tena, wala simu haikulia. Na nyumbani alikuwa amemkataa mchumba mwingine kwa ajili yake!

"Kumbe nilikuwa napendwa na disketi," alijisemea, machozi yakimlenga.

Ijumaa, baada ya swala, Miraji akatokea dukani kavaa kanzu, uso umemnywea.

"Mastura, wiki nzima napiga simu, inatumika tu. Unaongea na nani?"

Mastura aliitazama kompyuta, akaangua kicheko. "Na mashine yako! Waya wa simu si umeupa kompyuta wewe mwenyewe?"

Miraji akashika kichwa. "Mganga hajigangi!"

"Na miguu je? Nayo ilikuwa inatumika?"

"Mama alinikataza. Kasema binti wa watu haendewi kwa kisingizio cha kazi. Shangazi yangu Mwanasiti na ami yangu wapo kwenu sasa hivi, wanaposa."

Mastura aliigeukia mashine. Alifunga kompyuta, akauchomoa waya, akaurudisha kwenye simu. Haukupita muda ikalia. Alikuwa mama yake, anapiga kutoka kwa jirani.

"Mwanangu, nyumbani kuna wageni. Baba yako anauliza, tuwajibu nini?"

Mastura alimtazama Miraji, aliyekuwa ameacha hata kupumua.

"Waambieni nimekubali, mama. Na waambieni nashukuru."