Sufuria Hairudi Tupu

Jumamosi asubuhi, kama kawaida, Waceke alikuwa uani akisugua vyombo. Sufuria kubwa waliyoazima kwa Mama Apiyo, jirani yao pale mtaani Kimbo, ilipong'aa, mama yake aliijaza viazi vitamu.

"Ai, Mami! Si turudishe sufuria tu? Hivyo viazi ni vyetu!"

"Chombo cha watu hakirudi kitupu. Enda."

Aliporudi, alimkuta dada yake, Emmah, akilia kwa hasira. Emmah alikuwa ameunda mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mananasi, yale yanayotupwa mashambani Thika. Aliianzia hapo uani, Waceke akimshikia majani hadi mikono ikajaa mikwaruzo. Baadaye chuo alikosomea kilimpa karakana na mota, akaikamilisha. Sasa alitaka kufungua kampuni.

"Wanasema mashine ni yao, ati kwa sababu niliimalizia kwao! Wameifungia, na jina langu wamelibandua. Nikiipata tena, hawaoni hata uzi mmoja!"

Kwa Waceke, huo ulikuwa wizi mchana kweupe, hata kama mwizi amevaa tai. Mama naye hakungoja chai. Aliwachukua binti zake wakaenda chuoni Thika.

Mkuu wa idara, Bwana Githae, aliwaonyesha mashine. Kibao cha chuo kilikuwa kimekazwa kwa skrubu mahali pa jina la Emmah.

"Karakana ni yetu, mota ni yetu," alisema. "Basi mashine pia ni yetu."

"Kwani Mama Apiyo akituazima sufuria, huja kuchukua ugali wote?" Waceke alifoka. "Hata haombi kuonja! Na sisi..." Akakumbuka viazi.

"Maliza," mama alisema.

"Na sisi haturudishi sufuria tupu," alisema polepole, akimtazama Emmah.

Emmah aliinamisha kichwa, akakubali kuwa chuo nacho kilimsaidia. Bwana Githae alikohoa. Mwishowe alichukua bisibisi, akakifungua kile kibao mwenyewe.

Siku hiyo walikubaliana: mashine ni ya Emmah, na kampuni ikipata faida, chuo kitapata fungu lake. Jina la Emmah likarudi juu, la chuo likawekwa chini yake.

"Sikieni," mama aliwaambia wakitoka langoni. "Aliyekuazima sufuria hana ruhusa ya kukupokonya chakula, na akijaribu, msinyamaze. Lakini nawe uliyepika, usijidai ulipikia kiganjani."