Wageni wa Waifai

Kila siku alipotoka shule, Ruwaida alivua viatu mlangoni, akawaamkia wakubwa, akala, kisha akaenda nyuma ya kabati la sebuleni kuichungulia simu kuukuu ya mama yake. Kioo cha simu hiyo kilikuwa kimepasuka na hakuna aliyeihitaji tena. Ruwaida alikuwa ameichomeka kwenye umeme na kuiunganisha na waifai ya nyumbani. Alikuwa akitazama kitu kimoja tu: pointi zake zimefika ngapi.

Nyumba yao ilikuwa Iyunga, jijini Mbeya. Baba yake, Muhidini, alinunua mchele Ubaruku na kuuza hadi Iringa. Wateja wake waliagiza kwa simu, nao hawakukubali chochote bila kutumiwa picha za mchele kwanza, ndiyo maana aliweka intaneti ya kulipia kwa mwezi. Chumba cha uani alikipangisha kwa Mwalimu Devota, dada kutoka Iringa aliyekuwa akijitolea kufundisha hisabati katika shule aliyosoma Ruwaida. Naye alipewa nywila ya waifai, na kila alipopata nafasi alimfundisha Ruwaida sehemu na desimali bila kudai hata asante.

Habari ya pointi ilianza na tangazo. Lilisema kwamba intaneti ya nyumbani hukaa bure wakati watu wamelala au wako kazini. Pakua programu hii, ugawe ile ya ziada, upate pointi, ubadilishe pointi kwa zawadi. Ruwaida alikuwa na miaka kumi na mitatu na alitamani saa ya mkononi kuliko kitu chochote duniani. Hakumwuliza mtu.

Wala hakuona kosa. Kwao mama yake ni Ubaruku, na likizo zote alizokwenda kwa bibi alijionea jinsi maji ya mpunga yanavyokwenda. Jaluba lako, yaani kitalu chako cha mpunga, likijaa, unafungua tuta, maji yashuke kwenye jaluba la jirani wa chini. Anayezuia maji ya ziada husemwa msimu mzima. Isitoshe, madrasa alifundishwa kwamba israfu, yaani kuacha kitu kipotee bure, ni dhambi. Basi akabonyeza palipoandikwa "Nakubali", akayaruka maelezo marefu ya chini yake. Na walioyaandika walijua fika kwamba atayaruka, ndiyo maana waliyaandika kwa herufi ndogo kama chawa.

Wiki tatu zilipita. Alhamisi moja alasiri intaneti ilikatika. Baba alikuwa na wateja wawili wa Iringa wanaosubiri picha, akapiga simu kwenye kampuni ya intaneti akiwa tayari amekasirika. Jibu alilopewa lilimzidishia. Laini yake ilikuwa imefungwa makusudi, kwa sababu kuna mtu anayetumia intaneti ya nyumba hiyo kujaribu kufungua akaunti za watu wengine, mamia kwa mamia, na wenye akaunti walikuwa wamelalamika.

Miaka yote ya biashara yake, Muhidini alikuwa hajawahi kuhusishwa na wizi wa aina yoyote. Damu ilimchemka. Badala ya kuuliza na kuchunguza kama mtu mzima anavyopaswa, aliangaza macho kutafuta wa kumbebesha, akampata karibu.

Mwalimu Devota alikuwa uani akifua. Jirani yao, Mama Tupokigwe, alikuwa nje tu, kwenye bomba la mtaa, pamoja na wanawake wengine wakikinga maji.

"Mwalimu," Muhidini alisema kwa sauti iliyofika bombani na kupita, "mwenye kompyuta humu ndani ni wewe peke yako. Intaneti yangu unaitumia kuwaibia watu."

Mwalimu Devota alisimama, mikono ikidondosha povu. Alieleza kwamba kompyuta yake ni ya kuandalia masomo na kuombea kazi, akamtaka aje aikague mwenyewe. Muhidini hakutaka kukagua kitu. Alimpa mpaka Jumapili awe amehama. Bombani, ndoo ya Mama Tupokigwe ilifurika bila mwenyewe kuona.

"Chumba ni chako, baba Ruwaida, nitatoka," alisema Mwalimu Devota. "Lakini jina ni langu. Hukunipa wewe, na hutanivua."

Ruwaida alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akisikia yote. Kwanza alimkasirikia baba yake, kwa kuwa alijua mwalimu hawezi kuiba hata chaki. Halafu akakumbuka simu ya nyuma ya kabati. Alimwomba mama yake simu yake yenye bando, akayatafuta maelezo ya ile programu, na safari hii akayasoma mstari kwa mstari. Chini kabisa aliyakuta: watu wengine watapita kwenye intaneti yako na kuonekana kana kwamba wako nyumbani kwako, na kampuni haitawajibika kwa watakayofanya.

Alishikwa na hasira mpaka machozi yakamtoka. Watu gani hawa, wanaomshawishi mtoto afungue nyumba ya wazazi wake kwa ajili ya saa, wawaingize wageni wasiojulikana, kisha wanawe mikono? Lakini hasira hiyo, ingawa ilikuwa ya haki, haikumsaidia mwalimu aliyekuwa akikunja mashuka yake chumbani. Ruwaida aliogopa kiboko cha baba yake, akanyamaza.

Ijumaa, shuleni, habari ilikuwa imewatangulia. Tupokigwe, aliyesoma darasa moja na Ruwaida, alikuwa ameisikia kwa mama yake, na darasa zima likawa linanong'ona kuhusu mwalimu mwizi wa mtandaoni. Mwalimu Devota alipoingia, mtu alicheka nyuma, kisha wakacheka wengi. Alisikia. Aliwapa mgongo, akaandika hesabu ubaoni, na namba zikapinda. Ruwaida alitamani dawati limmeze.

Alasiri, baba aliporudi nyumbani baada ya sala ya Ijumaa na shughuli zake, alimkuta Ruwaida amekaa mkekani, simu kuukuu iko mbele yake.

"Baba, siyo mwalimu," alisema. "Ni mimi."

Alieleza yote, tangu tangazo hadi yale maelezo ya chini. Alieleza pia kuhusu maji ya Ubaruku, kwamba alidhani kugawa cha ziada ni wema. Baba alisikiliza hadi mwisho. Fimbo ambayo Ruwaida aliisubiri haikuja, na uso wa baba ulivyokunjamana ulimuuma zaidi ya fimbo.

"Ubaruku ukifungua maji, unamwona anayeyapokea," baba alisema hatimaye. "Ni jirani, unamjua yeye na unamjua baba yake. Hawa uliowafungulia wewe, nani anawajua?"

Waliifuta programu, wakabadilisha nywila, na baba akaipigia kampuni kueleza kilichotokea. Waliahidi kuifungua laini baada ya kuhakiki. Lakini kazi ngumu ilikuwa bado. Muhidini alikwenda kubisha hodi chumba cha uani, Ruwaida nyuma yake. Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba. Aliomba radhi, akamsihi mwalimu asihame.

"Nimekusikia," Mwalimu Devota alisema, bila kutabasamu. "Lakini hukunishtaki humu ndani. Ulinishtaki mbele ya bomba."

Ni vigumu kwa mwanaume mwenye biashara na heshima zake kujishusha mbele ya wanawake wenye ndoo, lakini Muhidini alikwenda. Alisimama palepale, akasema alimsingizia mwalimu, kwamba kosa lilitoka nyumbani kwake na ulimi wake ndio uliolizidisha. Mama Tupokigwe aliitua ndoo chini, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeipeleka habari mtaani. Jioni hiyo alimfungulia mwalimu godoro kwa mikono yake.

Jumatatu, kabla ya hisabati, Ruwaida aliomba kusimama mbele ya darasa. Alisema yote, hata kuhusu Ijumaa. Hakuna aliyecheka. Tupokigwe aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa daftari.

Mwalimu Devota aliiweka chaki mezani.

"Sikilizeni," alisema. "Kitu cha nyumba nzima hakigawiwi na mtu mmoja kwa siri. Mtu akikuahidi zawadi, muulize anachotaka kwako, na usipoelewa maandishi yake, mpelekee mkubwa akusomee. Ruwaida alipobonyeza simu hakujua. Hilo nilimsamehe siku ileile alipokiri. Lakini Ijumaa alikuwa anajua. Alikaa kwenye dawati lile, akawaona mkinicheka, akanyamaza."

Alimtazama Ruwaida, na safari hii uso wake ulikuwa umelegea.

"Leo amesema. Nanyi mlionicheka, sijawasikia bado."