Vijino Vinane

Kila likizo tunapokuwa nyumbani kwa mjomba, kazi ya kwanza ya asubuhi ni ileile, na hufanyika kwenye meza ya jikoni hata kabla chai haijapoa: kuwavunja nzi meno.

Msiwahurumie. Nzi wenyewe ni wa bandia. Mjomba wetu huongoza watu wanaokuja kuvua samaki aina ya trauti katika mto wa baridi ulio chini ya nyumba yake. Trauti wa pale hawavuliwi kwa minyoo. Huvuliwa kwa nzi aliyetengenezwa kwa manyoya ya kuku na uzi, akafungwa juu ya ndoana ndogo kuliko ukucha. Samaki humwona akielea, humdhania mdudu halisi, na hapo ndipo siku yake inapoharibika.

Nyuma ya ncha ya kila ndoana kuna kijino kinachotazama nyuma. Ndoana ikishazama, kijino huizuia kutoka. Mjomba hakipendi hata kidogo, maana samaki wake wote hurudishwa mtoni wakiwa hai, na kijino huwachana midomo. Kwa hiyo kila kijino hubanwa kwa koleo hadi kilale. Kisha ndoana huchomekwa kwenye pamba na kuvutwa. Ikitoka safi, imefaulu. Ikinasa pamba, unabana tena.

Mimi nina miaka kumi na minne, nasoma shule ya bweni, na faili langu katika ofisi ya matroni ni nene kiasi cha kuegemeza mlango. Asubuhi ile mjomba aliniwekea kisanduku chenye nzi kumi na wawili, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Leo sikagui, bibiye. Umeshakuwa mkubwa. Utakavyonipa ndivyo nitakavyofunga."

Nilibana wanne kwa uadilifu mkubwa. Wa tano akanipa wazo. Mdogo wangu wa miaka tisa, ambaye ukoo mzima humwita Kwanini kwa sababu ya neno analolitumia kuliko mengine yote, alikuwa ameinamia kikombe chake. Nikamfunga nzi kwenye uzi, nikamchezesha juu ya chai. Kwanini alimpiga kwa kijiko. Akamkosa. Akapiga tena, na chai yote ikahamia mezani.

"Kwa nini huyu nzi hafi?" alipiga kelele. Nilicheka hadi nikashika mbavu.

Nilipomaliza kufuta meza, mjomba alikuwa mlangoni, amevaa suruali yake ya mpira inayofika kifuani.

"Tayari?"

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Nzi wanane walikuwa bado. Ningeweza kusema neno moja tu, "bado", naye angesubiri.

"Tayari, mjomba. Wote."

Ule uongo ulitoka laini kama siagi. Hata mimi nilikaribia kuuamini.

Mtoni kulikuwa na ubaridi na upepo wa hapa na pale. Mjomba alitugawia kofia na miwani ya plastiki. Kwake hiyo ni sheria: asiye na miwani hasogelei fimbo ya kuvulia. Akafunga nzi kwenye uzi mwembamba ulio mwishoni mwa mshipi, akalowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza.

"Kwa nini unalitemea?" Kwanini akauliza.

"Fundo kavu linajisugua, linapata joto, uzi unakatika. Haya, dada yako aonyeshe. Nyuma, ngoja, mbele. Usipongoja mshipi ujinyooshe nyuma yako, utavua majani. Na kila unaporusha?"

"Natazama nyuma," nikaitikia kama mtu aliye kwenye gwaride.

Nilirusha mara sita, mara saba. Nzi alikuwa akitua juu ya maji na kuteremka na mkondo, nami namfuata kwa ncha ya fimbo. Ndipo nilipomwona. Kwenye kivuli cha jiwe kubwa, trauti mrefu kama mkono wangu alikuwa ameelekeza kichwa chake mkondo unakotoka, akitikisa mkia polepole. Nikasahau sheria zote ila ya kupumua. Nikavuta mshipi nyuma bila kugeuka, nikausukuma mbele.

Mshipi haukuja.

"Dada!"

Kwanini alikuwa amesimama ukingoni nyuma yangu. Alikuwa amekuja kuniuliza natazama nini. Miwani yake aliipandisha juu ya kofia kwa sababu ilikuwa na ukungu. Nzi wangu alikuwa amekaa chini ya nyusi yake ya kushoto, manyoya yakitikisika, na ndoana yote imezama pale ngozi inapoanza kuwa kope.

"Usiguse!" Mjomba alikuwa ameshafika. Alikata uzi kwa mkasi, akampigisha Kwanini magoti, akamshika kichwa. "Jicho unaliona? Tazama kidole changu. Safi. Jicho ni zima, mwanangu. Ni ngozi tu."

"Inauma, mjomba."

"Najua. Lakini nzi wetu hawana meno. Itatoka ilikoingilia, kama sindano. Nitahesabu mpaka tatu, navuta mara moja, basi."

Akaishika ndoana kwa vidole viwili. Kwanini akafumba jicho la kulia, akakunja ngumi.

Nami nilikuwa nimesimama ndani ya maji hadi magotini. Wanne walikuwa salama na wanane hawakuwa. Yule alikuwa yupi? Nilimtazama: kahawia, mwenye manyoya meupe shingoni. Wanne niliowabana wote walikuwa weusi.

"Moja," mjomba akasema.

Labda akivuta kwa nguvu itatoka tu. Labda kijino ni kidogo. Labda hakuna atakayejua kamwe. Nilishangaa jinsi kichwa changu kilivyokuwa na akiba ya labda.

"Mbili."

"Usivute!" Sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi. "Usivute, mjomba! Ina kijino! Sikuibana. Nilibana nne tu. Nilikudanganya."

Mkono wa mjomba ulisimama. Hakunigeukia. Aliviachia vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayeweka yai chini. Nikaona jasho limemtoka kwenye paji la uso, katika baridi ile.

"Nipe kikombe cha chupa ya chai," akasema. "Na ule utepe wa kugandishia. Haraka."

Alikifunika kikombe juu ya jicho, kikaegemea mfupa wa nyusi na wa shavu bila kumgusa nzi, akakigandisha kwa utepe. "Wewe shika mikono yake yote miwili. Asijikune. Ukiiachia, utajibu kwangu."

Tulipanda kilima hadi kwenye gari. Nilitembea kinyumenyume, nimemshika Kwanini mikono, nikimwambia palipo na jiwe na palipo na mzizi. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuuliza swali hata moja.

Kwenye kituo cha afya tabibu mwanamke alitoa kikombe, akawasha taa, akainama.

"Ndoana ina kijino au haina?"

Mjomba aligeuka. Akaniangalia mimi.

"Inacho," nikasema. "Kizima."

"Vizuri kwamba najua." Alimdunga Kwanini sindano ya ganzi. Badala ya kuivuta ndoana, akaisukuma mbele, polepole, hadi ncha ikatokeza upande wa pili wa ngozi. Akakikata kijino kwa koleo dogo. Kilianguka kwenye bakuli la chuma, kikalia *ting*. Kilichobaki kikarudi nyuma bila shida.

"Kuna aliyetaka kuivuta?" akauliza.

"Mimi," mjomba akajibu.

"Ungeichana kope yake, baba. Na mkono ungeteleza kidogo tu, tungekuwa tunazungumzia jicho. Kitu kikichoma karibu na jicho, hata kama unajua hakina kijino, usikitoe. Funika, mlete mgonjwa hapa."

"Nimesikia," mjomba akasema, kwa sauti ya mwanafunzi. Kwanini akapata sindano ya pepopunda na plasta ndogo.

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Nilisubiri kufokewa. Nilikuwa nimejiandaa, maana katika fani hiyo nina uzoefu. Lakini mjomba alisema kwa upole, na upole huo uliniuma zaidi.

"Asubuhi niliuamini mdomo wako, nikaweka mkono wangu juu yake. Ukimdanganya mtu, mwanangu, humfichi kazi yako tu. Unampa uongo autumie kama kifaa, naye hajui kwamba ni kibovu. Leo kidogo niutumie kwenye jicho la mdogo wako." Akamshika Kwanini bega. "Hakuna mtu aliyepata kuumizwa na neno 'sijamaliza'. Liseme mapema. Na likichelewa, liseme vilevile, hata kama mwenzako amefika mbili. Hilo umeliweza, na ndiyo maana huyu anatazama kwa macho mawili."

 

Mjomba akatoa simu mfukoni, akanikabidhi. "Mpigie mama yenu. Usianze na upepo, wala miwani, wala mimi. Anza na sehemu yako."

Simu iliita mara tatu. Mama akapokea akicheka, akauliza kama tumepata samaki.

"Mama," nikasema, "Kwanini ni mzima. Sasa kaa chini kwanza, nikueleze nilichomwambia mjomba leo asubuhi ambacho hakikuwa kweli."