Taa ya Tatu

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipokwenda kwa mpiga picha wa mtaani kwao kuazima taa.

"Sherehe ya nani tena?" mpiga picha aliuliza.

"Si sherehe. Nataka kumrekodi Mama, nimtumie dada yangu."

Hakusema lililobaki. Video ya mwisho aliipiga sebuleni, mama ameketi chini ya balbu moja, na dada yake aliyeishi nchi ya mbali alikuwa amepiga simu papo hapo. "Mdogo wangu, Mama anakula kweli? Mashavu yamebonyea. Kama yamekushinda, sema, nije nimchukue."

"Ni balbu tu, Da' Mkubwa," alikuwa amejibu.

Haikuwa balbu. Msimu wa sare za shule ulikuwa umemmeza mzima mzima. Asubuhi aliacha chakula mezani, akakimbilia kibandani kushona. Jioni alikikuta vilevile, kimepoa, mama akisema hakuhisi njaa. Siku nyingine alisahau hata kukiacha. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amechoka, na aliyechoka huona anachoweza kukivumilia.

"Unataka atoke amenawiri?" mpiga picha alicheka. "Rahisi. Taa moja mbele, juu kidogo ya macho. Ya pili ubavuni, izibe mashimo ya uso. Ya tatu ielekeze ukutani nyuma yake, ifute kivuli. Atatoka kama bibi harusi!"

Nyumbani, mama alizitazama stendi za taa zikifunguliwa.

"Mwanangu, zote hizi zangu? Mnanioza?"

"Kwa tajiri, Mama. Tulia hapo kwenye kiti."

Taa ya kwanza ikawaka. Kivuli cha mama kikaruka ukutani, kirefu, na kilemba chake. Ya pili ikawaka, na mashavu yakajaa. Hivi hivi tu. Fundi aliona haya jinsi ilivyokuwa rahisi.

Alipoishika ya tatu, mama aliinua mkono.

"Hiyo ya ukutani iache."

"Kwa nini?"

"Bibi yako hakukubali kukaa mahali asipokiona kivuli chake. Alisema kikikosa pa kulala, kinaondoka kutafuta nyumba nyingine."

"Mama jamani. Ni taa tu."

Akaiwasha.

Ukuta ukabaki mweupe, mtupu.

Mama akaitazama simu iliyokuwa ikirekodi, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu mkubwa, mimi sijambo. Mdogo wako ananitunza. Nakula vizuri."

Fundi hakuwa amemwambia aseme hivyo.

Akaituma video upesi, kabla moyo haujambadilikia. Hapo ndipo aliposikia harufu... harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Ndani hamkuwa na mshumaa wala kibatari.

Akazima taa ya tatu. Kivuli cha kiti kikarudi ukutani. Cha stendi kikarudi.

Cha mama hakikurudi.

"Mama... inua mkono."

Mkono uliinuka. Ukutani hakikutikisika kitu. Kivuli cha kiti kilikuwa kitupu.

"Nilikwambia," mama alinong'ona. Wala hakukasirika. Hilo ndilo lililomchoma fundi zaidi.

Akazima zote, akawasha balbu ya sebuleni. Ileile iliyokuwa ikimbonyeza mama mashavu. Lakini sasa uso wa mama ulikuwa laini, umejaa, kama kwenye video. Akaushika. Ulikuwa wa baridi kama kitambaa kilichoanikwa usiku.

Simu ikaita.

"Nimeiona!" dada alisema. "Amenawiri kweli! Nilikuonea bure, mdogo wangu, nisamehe."

"Da' Mkubwa..."

"Ila ngoja." Sauti yake ikashuka. "Niko peke yangu hapa. Tangu video iishe, kuna kivuli ukutani kwangu. Kimevaa kilemba."

Fundi akashikilia meza.

"Kinafanya nini?"

Upande wa pili, kitu kilikwaruza sakafu taratibu, kama kiti kinachovutwa.

"Kimekaa mezani. Kinapeleka mkono mdomoni... kinaurudisha... kinapeleka tena. Mkononi hamna kitu." Dada alikuwa anahema. "Mdogo wangu, mbona kimekonda hivi?"

Fundi alimgeukia mama yake. Mama alikuwa anatabasamu, na mashavu yake mazuri.

"Mwambie," mama alisema. "Mimi sihisi njaa tena."

Angeweza kukata simu. Angeweza kusema ni balbu, hata huko.

"Hajala tangu jana," alisema, akaanza kulia. "Nilisahau, Da' Mkubwa. Si jana tu. Ulipouliza, nilikudanganya. Niko peke yangu na yeye, kila siku, na nikasahau."

Mkwaruzo ukakoma.

"Kimeshusha mkono," dada alinong'ona.

"Kinarudi?"

"Hapana... Kimegeuka." Pumzi yake ilikatika, ikarudi. "Kinanitazama mimi, kama mtu anayengoja kuandaliwa chakula."