Ya Tatu ni ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Ndirangu alipotoka mtaa wa Al Thumama kwenda mtaa wa Al Wukair, huko ughaibuni alikofanya kazi, kubadilisha diski moja. Kazi ya dakika kumi. Kliniki ile ilikuwa na seva yenye diski sita zinazobebana mzigo: moja ikifa, unaichomoa mashine ikiwa inafanya kazi, unachomeka mpya, na wagonjwa hawajui lolote. Lakini ole wako uchomoe nzima ukaacha iliyokufa. Zikikosekana mbili, kumbukumbu zote zimekwenda na maji.

Ndirangu alilijua hilo vizuri. Miaka miwili nyuma, fundi mwenzake Athanas, mtu wa Taveta, alisimama mbele ya seva hiyo hiyo akampigia simu amwelekeze. Vitundu vya diski vimeandikwa namba kuanzia sifuri, kwa hiyo cha tatu kwa kuhesabu ndicho namba mbili. Ndirangu, mdomo umejaa biriani, akasema atoe ya tatu. Athanas akauliza: namba tatu, ama ya tatu kwa kuhesabu?

"Ya tatu ni ya tatu. Acha maswali."

Athanas akachomoa namba tatu. Ilikuwa nzima.

Kwenye ripoti Ndirangu aliandika neno moja tu: Hakuuliza. Athanas akafutwa kazi, akarudishwa kwao, na mwezi haukwisha akazikwa. Moyo, walisema. Mama yake alivunja chungu kaburini, akaapa kwamba aliyemsingizia mwanawe atalishwa neno lake mwenyewe. Ndirangu alipohadithiwa alicheka, huyo asiye na haya. Akapandishwa cheo. Sasa viza za mkewe Hannah na binti yao zilingoja barua moja tu kutoka kwa bosi.

Mlangoni pa kliniki alimkuta Roselyne, mlinzi wa zamu.

"Mwenzako ameshaingia," alimwambia.

"Mwenzangu yupi?"

"Mrefu, mpole. Amesema mko pamoja."

Chumba cha seva kilikuwa kitupu. Baridi... na harufu ya udongo mbichi, ule wa wafinyanzi. Kidhibiti cha diski kililia. Tii... tii... Taa ya chungwa huwaka kwenye diski iliyokufa, moja tu. Jioni hiyo ziliwaka mbili: namba mbili na namba tatu.

Mashine bado ilifanya kazi, kwa hiyo taa moja ilidanganya. Akampigia Wayne, aliyekuwa ofisini mbele ya skrini inayoonyesha hali ya kila diski.

"Wayne, ni ya ngapi?"

Mnong'ono ukajibu...

"Ya tatu."

"Namba tatu, ama ya tatu kwa kuhesabu?"

Tii... tii... Mtu alipumua. Si kwenye simu. Shingoni.

"Ya tatu ni ya tatu. Acha maswali."

Mkono ulitii kabla masikio hayajayatambua maneno. Namba tatu ikatoka nzima nzima.

Taa zote tano zilizobaki zikawaka chungwa.

Ndirangu alisimama na diski mkononi. Kule mapokezi alisikia wauguzi wakiitana, majina ya wagonjwa yakifutika kwenye skrini. Ndani ya kitundu kilichobaki wazi kulikuwa na kigae cha chungu, kingali na majimaji. Simu ikaita. Wayne.

"Uko wapi, bro? Nimekupigia mara sita. Ni namba mbili. Usiguse namba tatu."

"Si umeniambia sasa hivi..."

"Mimi? Hujanipigia leo."

Aliitazama orodha ya simu alizopiga. Hakuna kitu. Alitoka mbio akamuuliza Roselyne mwenzake yuko wapi. Ametoka zamani, tena akitabasamu, Roselyne alisema. Kwenye kitabu cha wageni, juu ya jina la Ndirangu, palikuwa na alama ya kidole cha udongo. Hapakuwa na jina.

Mwosha huoshwa. Asubuhi Ndirangu alimlilia bosi, akaapa kwa jina la mtoto wake kwamba aliuliza, tena mara mbili. Bosi alitaka ushahidi, naye hakuwa nao. Maombi ya viza yakafutwa siku hiyo hiyo, na yeye akapewa tikiti ya kurudi Nairobi.

Ripoti aliandika Wayne, kijana mwaminifu asiyejua lolote la chungu. Aliandika alichokijua, kwa neno moja.

Hakuuliza.